Tumbo la Chuma Halikuokoa Mtu Ukambani

Wiki tatu zilizopita niliposti vidio nikila mutura kando ya barabara, mikono sijanawa, nikasema tumbo la Mkenya ni la chuma. Mliipenda. Kila mtu akaleta yake: maji ya bomba moja kwa moja, mayai ya kachumbari yaliyoshinda juani, madondo ya juzi yamepashwa mara ya tatu. Kuna msee aliandika ati mzungu akionja kachumbari yetu analazwa, sisi tunaongeza pilipili. Nilicheka hadi nikakohoa.

Siku hiyohiyo jioni nikafika nyumbani, nikamkuta mathe amekaa kwa kigoda mbele ya nusu gunia la mahindi. Yalikuwa yametoka ushago, kwa susu, Makueni. Nyumba nzima ilinuka kama nguo iliyosahaulika kwa beseni. Mathe alikuwa anachambua, punje moja moja, zenye rangi ya kijani kando, zilizo safi kwa karai. Nikamwambia hayo mahindi si ya kula. Akasema, "Chakula haitupwangi." Kisha akanigeuzia maneno yangu mwenyewe, kwa sababu vidio alikuwa ameiona: "Na si wewe ndiye tumbo la chuma?"

Sikuwa na jibu. Nikampigia susu simu nikidhani atanicheka. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu: yananuka? Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwana wakwa, wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa mwaka ule. Sisi tulizika."

Mwaka ule ni 2004. Tangu hiyo simu nimekuwa nikisoma, na leo nataka nirekebishe ile vidio. Nilichosema kilikuwa nusu ya ukweli. Hiyo nusu nyingine ndiyo iliyoua watu 125.

Kwanza, ile nusu ya kweli

Tuanze na sifa zake, maana mwili kweli unapigana.

Chukua bakteria wa kawaida wa chakula kichafu, tuseme salmonela. Wanaingia na ile samosa yako. Kizuizi cha kwanza ni asidi ya tumbo, na wengi wanafia hapo. Wanaopenya wanateremka utumboni, ambako ukuta umepakwa ute mzito, na juu ya ute huo kuna mabilioni ya bakteria wenyeji wasiotudhuru ambao tayari wamekalia viti vyote. Mgeni hapati nafasi kirahisi.

Akipata, seli za ukuta wa utumbo zinamtambua. Hazimjui kwa jina, lakini bakteria wana vitu ambavyo mwili wa binadamu hauna: aina fulani ya mafuta na sukari kwenye ganda lao, protini ya ule mkia wanaoogelea nao. Seli zikigusa hivyo vitu zinapiga kelele za kikemikali. Seli nyeupe za damu zinakimbia kutoka kwenye mishipa kuja kuwameza hao wageni. Utumbo unavimba, unamwaga maji, unasukuma kila kitu nje. Joto la mwili linapanda. Kwa hiyo ule usiku uliokaa chooni ukilaani muuza samosa, sehemu kubwa ya mateso yako ilikuwa mwili wako mwenyewe ukiosha nyumba.

Wakati hayo yanaendelea, kuna seli nyingine zinazobeba vipande vya adui hadi kwenye matezi, kama mtu anayepeleka picha ya mwizi kituoni. Baada ya siku kadhaa, hadi wiki hivi, mwili unakuwa umetengeneza kingamwili zinazomfaa huyo adui hasa. Kuna aina moja inaitwa IgA ambayo humwagwa ndani ya utumbo wenyewe, inawashika bakteria kabla hawajagusa ukuta. Na baadhi ya seli zinabaki na kumbukumbu. Akija tena mwaka ujao, anakuta anasubiriwa.

Hapo ndipo hadithi ya tumbo la chuma inapotoka. Wewe uliyekulia Embakasi au Wote ulikutana na wengi wa hao bakteria ukiwa mdogo, na mwili wako ukaweka rekodi. Mgeni aliyetua JKIA jana hana hiyo rekodi. Ndiyo maana anaharisha wewe unaongeza pilipili.

Lakini hata hapa kuna mambo mawili tunayaficha. Moja, kumbukumbu hiyo ina mashimo. Bakteria wana aina nyingi, na bakteria wa homa ya matumbo, ile tunaiita taifodi, hujificha ndani ya seli zilezile zilizotumwa kumla. Unaweza kuugua mara mbili. Ndiyo sababu Julai 2025 serikali ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya taifodi, badala ya kungoja wazoee. Mbili, tunaojisifu kwenye maoni ni tuliobaki. Kuhara bado ni kati ya magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka 5 duniani. Wale ambao matumbo yao hayakuwa ya chuma hawana simu ya kujibu posti yangu.

Sawa. Sasa twende Ukambani.

2004

Ukambani kuna misimu miwili ya mvua, na mvua ambayo watu wengi wanaitegemea kwa mahindi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Mahindi yake huvunwa karibu Februari, wakati ambao kwa kawaida jua linawaka hadi mawe yanapasuka. Hilo jua ndilo kiwanda cha kukaushia. Susu anasema zamani hakuna aliyekufundisha kukausha mahindi, ni kama kufundishwa kulala usiku.

Februari 2004 mvua ilikuja mapema, juu ya mavuno. Mahindi yalitoka shambani yakiwa na maji. Na huo ulikuwa wakati wa njaa, kwa hiyo wengine waliogopa wizi. Mahindi yakiachwa kwa ghala la nje yanaweza kuamka hayapo. Watu wakafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: wakayaingiza ndani ya nyumba, wakayarundika pale wanapolala, yakiwa mabichi, kwenye joto, bila hewa.

Kuna kuvu anayeishi kwenye udongo anaitwa Aspergillus flavus. Yuko kila mahali, na shida yake huanzia shambani, hasa mahindi yakipigwa na ukame. Ukimpa nafaka yenye maji na chumba chenye joto umempa hoteli. Akishakaa anatengeneza sumu inayoitwa aflatoksini.

Kufikia Aprili watu walikuwa wanaugua. Maumivu ya tumbo, kutapika, miguu na tumbo kuvimba, macho kuwa ya manjano. Ini lilikuwa linakufa. Wizara ya Afya ilianza uchunguzi, ikasaidiwa na Shirika la Afya Duniani na CDC ya Marekani. Kufikia tarehe 20 Julai 2004 walikuwa wamehesabu wagonjwa 317. Kati yao 125 walikufa. Wengi wao walitoka wilaya mbili: Makueni na Kitui.

Hesabu hiyo kwa akili yako. Katika kila wagonjwa 10 waliojulikana, karibu 4 hawakurudi nyumbani. Na hao ni wale waliofika mahali pa kuhesabiwa.

Ulikuwa mmoja wa mikurupuko mikubwa zaidi ya sumu hii kuwahi kuandikwa popote duniani. Mimi nimesoma shule ya msingi hadi sekondari Kenya hii, nikafundishwa vita vya watu ambao hata hawajui tuko wapi, na sikuwahi kuusikia darasani. Niliusikia kwa simu, kwa sababu ya gunia.

Wachunguzi walifanya jambo moja ambalo bado linanisumbua. Waliwachukua wagonjwa 40 na majirani 80 wazima, wakalinganisha. Walikuwa watu wa kijiji kimoja, hali ya hewa moja, chakula cha aina moja. Kilichowatenganisha hakikuwa nani ana mwili wenye nguvu. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumu nyingi zaidi, na waliohifadhi mahindi yakiwa na maji ndani ya nyumba walikuwa hatarini zaidi.

Na kama unadhani aliyenunua sokoni alikuwa salama, soma hii. Zilichukuliwa sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masoko 65. Kiwango cha mwisho cha Kenya wakati huo kilikuwa sehemu 20 kwa bilioni. Asilimia 55 ya sampuli zilipita hapo. Asilimia 35 zilipita 100. Asilimia 7 zilipita 1,000. Mahindi ya mashambani yalikuwa yameshaingia sokoni, na duka lilikuwa linauza kilekile ambacho jirani alikuwa anazikiwa.

Kwa nini mwili haukupigana

Hapa ndipo nilipokaa usiku mzima nikisoma, kwa sababu swali langu lilikuwa la kijinga na la kweli: hawa ni watu waliokunywa maji ya mto, wakala vumbi, wakakua na kila aina ya bakteria. Kinga yao ilikuwa kali kuliko yangu. Ilikuwa wapi?

Ilikuwepo. Haikuona kitu.

Rudi kwa bakteria wetu wa samosa. Mwili ulimjua kwa sababu ana ganda, ana mkia, ni mkubwa, yuko hai, anazaana. Aflatoksini haina hata kimoja. Si kiumbe. Ni molekuli ndogo sana, ndogo mno kwa seli za kinga kuishika na kuipeleka kituoni. Hakuna picha ya mwizi. Hakuna kingamwili zinazotengenezwa, kwa hiyo hakuna kumbukumbu. Ukila sumu hii leo, na mwaka ujao, na miaka 20 mfululizo, mwili haujifunzi chochote. Neno "kuzoea" halipo hapo.

Sumu inapita ukuta wa utumbo kimya, inaingia kwenye damu, inafika kwa ini. Ini kazi yake ni kubadilisha kemikali ngeni ili zitolewe nje. Linaipokea aflatoksini, vimeng'enya vyake vinaibadilisha, na katika kuibadilisha vinatengeneza kitu kikali zaidi kuliko kilichoingia, kinachoshika protini na DNA ya seli za ini lenyewe. Ikiwa ni kidogo, ini lina njia ya pili ya kukifunga na kukitoa. Ikiwa ni nyingi, njia hiyo inaelemewa na seli zinakufa kwa wingi. Mlinzi amemfungulia mwizi mlango kisha akampa panga.

Hakuna dawa ya kuifuta ikishafika hapo. Hospitalini wanakusaidia ubaki hai ukingojea ini lijaribu kupona.

Na jiko pia halisaidii. Bakteria wengi wanakufa ukichemsha, ndiyo maana tunasema "pika iive". Maji yanachemka kwa nyuzi 100. Aflatoksini inahitaji zaidi ya nyuzi 200 kuvunjika. Sufuria la isyo likitokota asubuhi hadi jioni, kuvu anakufa, sumu inabaki palepale ikikungoja. Mama wa Makueni aliyepika vizuri, akafunika, akanawa mikono, akagawa kwa watoto, alifanya kila kitu ambacho bango la afya lilimwambia. Bango lilikuwa la bakteria.

Kuna jambo lingine lililojitokeza. Kati ya wagonjwa waliopimwa, asilimia 44 walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Kati ya majirani wazima ilikuwa asilimia 7. Ini ambalo tayari lina vita moja halikuwa na nguvu ya kupigana vita ya pili.

Halafu kuna hii, na ndiyo inayofunga mjadala wa tumbo la chuma kabisa. Sumu kidogokidogo, ile isiyokulaza, inaonekana kuidhoofisha kinga yenyewe. Watafiti waliowapima watoto wa Gambia walichapisha mwaka 2003 kwamba watoto waliokuwa na alama za aflatoksini kwenye damu walikuwa na IgA kidogo zaidi kwenye mate. Unakumbuka IgA? Ndiyo ile kingamwili inayomwagwa utumboni kuwashika bakteria. Kwa hiyo unga wenye sumu unaweza kumpokonya mtoto hata ile nusu ya ukweli niliyokuwa najivunia. Na kwa mtu mzima, sumu hiyohiyo ikikaa miaka mingi inaleta saratani ya ini. Hilo halina ubishi tena. Iko kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Haikuwa mara ya kwanza

Mtu akikuambia 2004 hakuna aliyejua, mwambie arudi nyuma.

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuelewa. Walichunguza wakakuta chakula chao kilikuwa na unga wa karanga kutoka Brazili ulioota kuvu. Hapo ndipo jina lilipotoka: A ya Aspergillus, fla ya flavus, kisha neno la sumu. Mwaka huohuo, hapa Kenya, maelfu ya vifaranga wa bata walikufa Bonde la Ufa kwa chakula cha aina hiyo.

Mwaka 1981 ikafika kwa watu. Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo Makueni ilikuwa ndani yake, wagonjwa 20 walilazwa kwa ini kuharibika baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. 12 walikufa. Ripoti yake ilichapishwa London mwaka uliofuata, kwenye jarida kubwa la udaktari. Yaani miaka 22 kabla ya 2004, kwa watu walewale na kwa nafaka ileile, jibu lilikuwa limeandikwa. Lilisomwa London. Susu hakuletewa nakala.

Wakamba huipa kila njaa kubwa jina, ndiyo kalenda ya wazee. Kuna moja ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 inaitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nimeshika: pesa ziko mkononi, chakula cha kununua hakipo. Nikiwasikiliza wazee wakizitaja naelewa kitu kuhusu mahindi yenye ukungu. Hakuna mtu anayeyala kwa ujinga. Unayala baada ya kuhesabu siku hadi mavuno mengine ukaona hazifiki.

Ndiyo maana sipendi ile hadithi ya mjini kwamba watu wa 2004 walikufa kwa ushamba. Punje yenye kijani waliiona. Wengine waliitupa. Lakini sumu haina rangi, haina harufu, na inaweza kuwa ndani ya punje nyeupe inayong'aa. Kile kiwango cha 20 kwa bilioni, ukikipima kwa gunia la kilo 90, ni chini ya milligramu 2 za sumu kwa gunia zima. Chembe chache za chumvi. Jicho gani la susu au la mathe lingeiona?

Mwaka 2005 na 2006 watu wa eneo hilo waliugua tena, baadhi wakafa. Kisha habari zikapoa, kwa sababu zilikuwa habari za Ukambani.

Zilirudi Nairobi Novemba 2019. Shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, na baadhi zilikuwa kwenye kila rafu ya supamaketi. Hapo ndipo watu wa mjini tulishtuka, tukapiga picha za pakiti, tukatengeneza vichekesho. Machi 2021 serikali ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo, kisha baada ya siku chache ikafungua kwa masharti. Kiwango cha Kenya siku hizi ni 10, nusu ya kile cha 2004. Kwenye karatasi tumekuwa wakali.

Kazi iko kabla ya mdomo

Kama kinga haioni na moto hauui, basi kazi yote iko kabla chakula hakijafika mdomoni. Watu wa Ukambani wamekuwa wakiifanya, na kuna vitu vinafanya kazi.

Cha kwanza ni kizuri hadi kinachekesha: kumpiganisha kuvu na kuvu. Kuna aina za Aspergillus flavus ambazo hazina uwezo wa kutengeneza sumu. Wanasayansi walizitafuta ndani ya Kenya, wakachagua, wakazipaka kwenye punje za mtama zilizouliwa zisiote. Bidhaa inaitwa Aflasafe KE01, ilisajiliwa Kenya mwaka 2015, na kiwanda chake kiko Katumani, Machakos, kwa watu wa KALRO. Mkulima anamwaga kilo 4 kwa ekari wiki 2 au 3 kabla mahindi hayajatoa maua. Kuvu mpole anaota, anakalia viti vyote, yule mwenye sumu akija hana pa kukaa. Sasa niambie hiyo haifanani na wale bakteria wenyeji wa utumbo. Ulinzi uleule, umehamishiwa shambani.

Cha pili ni jua na turubai. Mahindi yasigusane na udongo, yakaushwe hadi maji yabaki karibu asilimia 13. Huna mashine ya kupima? Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, ngoja dakika 15 hivi. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Yakikauka kweli, yafungiwe kwa mifuko isiyopitisha hewa.

Cha tatu ni muthokoi. Ndiyo, ile sahani ya Kikamba ambayo watu wa mjini wanaikejeli ati ni mahindi yaliyovuliwa nguo. Mwaka 2008 watafiti Wakenya walichapisha vipimo vyao: kukoboa peke yake kuliondoa karibu nusu ya aflatoksini kwa wastani, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu inakaa kwenye ganda na kiini vinavyotoka. Lakini usinielewe vibaya. Nusu ya 1,000 ni 500. Muthokoi hausafishi gunia lililooza.

Na gunia lililooza usimpe ng'ombe ukidhani umeokoa kitu. Sumu inapita kwa mwili wake inatokea kwenye maziwa, ikiwa imebadilika jina tu. Usimpe kuku. Usimwuzie mtu wa kusaga. Mahindi ya 2004 yalifika masoko 65 kwa sababu kila mtu aliyekuwa na mahindi mabaya alikuwa na haja ya pesa nzuri.

Turudi kwa mathe na karai lake.

Nilimweleza haya yote, si kwa utulivu kama nilivyoyaandika hapa. Nilipaza sauti. Yeye pia. Aliniuliza kama najua bei ya mahindi. Aliniuliza kama najua susu alivyoinama kuyalima hayo, na miaka yake. Mwishowe akampigia susu mwenyewe, wakaongea Kikamba kwa muda mrefu, na mimi Kikamba changu ni cha kuombea maji. Nilisikia majina. Mathe alikuwa anarudia majina ya watu, moja moja, kama mtu anayeitikia rejista.

Alipokata simu alifunga gunia. Hakusema nilikuwa sahihi. Alisema, "Tafuta mahali utachimba," na Pipeline si mahali pa kuchimba, kwa hiyo lilikaa kwenye balconi siku mbili hadi nikalipeleka kwa rafiki mwenye shamba huko Kitengela, tukalizika pamoja na zile punje safi za kwenye karai. Nusu gunia. Tulikula wali na mkopo wa simu hadi mwisho wa mwezi.

Mkopo wa simu. Duka hapo chini. Rafiki mwenye gari. Hiyo ndiyo iliyoniokoa mimi. Mwaka 2004 hata M-Pesa haikuwepo, ilikuja 2007. Mama wa Makueni au Kitui aliyekuwa na gunia kama letu alikuwa na gunia hilo tu, na mvua, na watoto wanne wakimwangalia. Ukimwambia atupe, lazima useme atakula nini kesho. Serikali ilipoelewa hilo ndipo ilipopeleka chakula mbadala vijijini, na ndilo jambo lililopaswa kuwa la kwanza.

Kwa hiyo ile vidio nimeiacha, sitaifuta, lakini nimebandika hii chini yake. Mutura nitaendelea kula. Mwili wangu unajua kupigana na bakteria wa mutura, au angalau unajaribu. Ila nikisikia tena mtu akisema Mwafrika hauawi na chakula, nitamuuliza swali moja la susu kabla hatujabishana.

Yananuka?

Kama nyumbani kwenu Ukambani kuna mtu mzima anayekumbuka 2004, mpigie wikendi hii. Muulize walihifadhi wapi mahindi mwaka ule, na mwaka huu wanahifadhi wapi. Halafu uangalie kama wana turubai. Kama hawana, hiyo ndiyo zawadi yako ya Desemba.